Kisu Kilichokuja na Kapu

Shauri halikatwi kwa kisu butu.

Mmenisikia nikisema hivyo asubuhi, Jabu alipotaka kumjibu mwenzake papo hapo kwenye simu, nami nikamwambia aiweke chini akaoshe vyombo kwanza. Mkacheka. Mkasema methali hiyo hamkufundishwa shuleni, labda nimeitunga mwenyewe. Sikuitunga. Nilipewa na bibi yangu, naye alipewa na mama yake, tena nilipewa tukiwa tumekaa uani tunanoa visu, na huko ndiko nyumbani kwake hasa. Kaeni basi. Nitaisimulia mara moja tu.

Methali hii ilianza katikati ya ugomvi, kwa hiyo nasi tutaanzia hapo hapo.

"Basi kirudi kilikotoka, na kapu lake, na mshenga wake," Bi Sikudhani alikuwa akisema. "Na huyo kijana akatafute mke huko huko juu, kwa watu wanaopeana vyuma vibovu wakaviita zawadi."

Alikuwa amesimama katikati ya ua wake. Miguuni pake palikuwa na kapu, na mkononi alishika kisu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. Mumewe, Bwana Mbaruku, alimwomba ashushe sauti. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu aliipandisha. Mlangoni alisimama binti yao Chiku, ambaye kapu hilo lilikuwa lake, akitazama posa yake ikifa mbele ya macho yake naye hajaambiwa aseme neno.

Ili mwelewe kwa nini kisu kimoja kilileta yote hayo, lazima niwaambie kidogo kuhusu Masange.

Masange kilikuwa kijiji cha bondeni, na kazi ya wanawake wa huko ilikuwa mikeka. Ukindu uliletwa mbichi, ukaanikwa, ukachanwa vipande vyembamba, vikasukwa ukili, na ukili ukashonwa ukawa mkeka. Kuchana ukindu kunataka kisu chenye makali ya wembe. Kisu butu huupasua ovyo, na ukindu uliopasuliwa ovyo kazi yake ni kuwashia moto. Kwa hiyo hapakuwa na nyumba Masange iliyokosa kinoo, yaani jiwe la kunolea, na mwanamke alijulikana kwa visu vyake kabla hajajulikana kwa mikeka yake.

Watu wanaoshinda na visu namna hiyo huwa na adabu zao. Masange kisu hakikupokezwa mkono kwa mkono. Mwenzako alikiweka chini, nawe ukakiokota, ili makali yake yasipite kati yenu. Wala kisu hakikutolewa zawadi hata mara moja. Familia mbili zikikosana kabisa, zikawa hazitaki tena kusalimiana wala kuzikana, moja iliipelekea nyingine kisu. Hapakuhitajika barua wala matusi. Kisu kikifika, undugu umekatwa, na mji mzima unajua.

Sasa fikirini. Asubuhi ya Jumanne hiyo mshenga aliteremka kutoka Kivumbwe, kijiji cha wahunzi kule mlimani, amebeba kapu la kufunga maneno. Chiku alikuwa anaposwa na Mrutu, mtoto wa mhunzi aliyeitwa Sengondo. Mrutu alishuka gulioni kila mwezi kuuza majembe, na kwa mwaka mzima alikuwa akipita mbele ya nyumba ya kina Chiku, ingawa njia hiyo haikuwa ya kwenda popote. Wazee walikwisha kuzungumza, pande zote mbili zilikuwa radhi, na kilichobaki kilikuwa kapu tu. Likipokewa, arusi ipo. Likifungwa kwa kamba na kurudishwa siku hiyo hiyo, posa imekufa, na kwa desturi ya Masange posa iliyokufa haifufuliwi. Hata wakijuta wote, hawawezi kurudi kuomba tena.

Kapu lilifunguliwa mbele ya watu wa nyumbani. Kulikuwa na asali ndani ya kibuyu, kahawa, tumbaku ya Bwana Mbaruku, na doti mbili za kanga. Chini kabisa, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba, kulikuwa na kisu. Kilikuwa cheusi, kimepakwa mafuta ya mbarika mpaka kinateleza, na mpini wake ulikuwa wa mti mgumu mwekundu. Bi Mgeni, dada yake Bwana Mbaruku, ndiye aliyekigusa kwanza. Alipitisha kidole gumba mahali ambapo makali yangepaswa kuwa, akamtazama wifi yake, akasema polepole:

"Wifi, hiki hata ndizi mbivu haikiogopi."

Maneno hayo yalitosha. Kutumiwa kisu ni kukatwa. Kutumiwa kisu butu, tena kwa mwanamke wa Masange, tena kwa Bi Sikudhani ambaye visu vyake vilisifiwa mpaka kijiji cha tatu, ni kukatwa huku unachekwa. Hivyo ndivyo alivyoona, na Bi Mgeni alimsaidia kuona. Alisema pengine kisu hicho ni cha jikoni kwao, kimechoka, wakaona badala ya kukitupa wakilete bondeni. Alisema watu wa mlimani siku zote wamewaona watu wa bondeni kuwa ni wasuka majani. Kila alichosema kilikuwa kuni, na moto ulikuwa umekwisha kuwaka.

Hapo mtaniuliza, mshenga alikuwa wapi? Alikuwa hapo hapo. Aliitwa Bwana Kidungwe, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo, amekaa kwenye kigoda na bakuli la uji mapajani. Alijaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza alianza, "Mama, hicho kisu," akaambiwa kwamba kisu kinaonekana, hakuna aliye kipofu hapa. Mara ya pili alianza, "Sisi kwetu," akaambiwa kwao hakukuulizwa. Mara ya tatu alifungua mdomo tu, na jicho la Bi Sikudhani likaufunga. Akarudi kwenye uji wake.

Bwana Mbaruku naye alijaribu. Alisema ni vizuri wangoje hata kesho, wakaulize. Mkewe akamjibu kwamba aliyekatwa kidole hangoji kesho ndipo aulize kama ni damu. Akasema ameshakata shauri. Chiku haendi Kivumbwe. Kapu linafungwa sasa hivi, na mshenga analibeba kabla jua halijafika utosini.

Chiku aliposikia hivyo alishika mwimo wa mlango. Hakulia. Alimjua mama yake: mbele ya hasira zile machozi yalikuwa kama mafuta.

Bi Sikudhani alirudisha vitu ndani ya kapu kimoja kimoja, asali, kahawa, tumbaku, kanga, akifoka kila kinapoingia. Kisha akavuta bunda la kamba ya ukindu aliyoisokota mwenyewe, akalizungushia kapu mara mbili, akapiga fundo. Ilibaki kukata kamba. Bi Mgeni akawahi, akaweka chini mbele yake kisu kimoja cha pale nyumbani, kile chembamba cha kuchania.

"Sitaki," Bi Sikudhani akasema. "Nitaikata kwa kisu chao hicho hicho. Wakate wenyewe walichoanza kukata."

Akakiegemeza kile kisu cheusi kwenye kamba, akavuta. Kamba haikukatika. Akavuta tena. Kisu kiliitafuna kamba kama mzee asiye na meno anavyotafuna muwa. Nyuzi mbili tatu zikachomoka, basi. Akakandamiza kwa nguvu, kapu likasogea, kibuyu cha asali kikagonga kitu ndani, na Bi Mgeni, ambaye tangu asubuhi alikuwa upande wake, akacheka kwa bahati mbaya. Aligeuza kicheko kuwa kikohozi, lakini kilikwisha kusikika.

Hapo ndipo Chiku aliposema neno lake la kwanza siku ile. Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja tu kwamba chumvi imekwisha.

"Mama, kikirudi hivyo watasema wewe ndiye uliyekitia ubutu."

Kisu kikasimama juu ya kamba.

"Watasema kisu kilishuka kizima," Chiku akaendelea, "kikakaa Masange nusu siku, kikarudi hakikati kamba. Watasema wanawake wa bondeni hawajui kunoa."

Kisha hakungoja jibu. Aliingia upande wa jikoni, akatoka na mawe mawili na bakuli la maji, akayaweka kivulini penye ukuta wa ghala, mahali pale pale mama yake alipozoea kukaa. Akamwagia maji jiwe la kwanza. Akarudi mlangoni kwake.

Lazima niwaambie alilolijua Chiku. Kila Alhamisi alasiri Bi Sikudhani alinoa visu vyote vya nyumba. Hakuna aliyemlazimisha, na vingi havikuwa vimeisha makali. Alivinoa kwa sababu alipenda. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, jiwe kati ya magoti, na kwa muda ule alikuwa mtu mwingine. Yule aliyeamka akigombeza kuku alikuwa akiimba puani. Watoto wa jirani waliokuwa na visu vya mama zao waliachiwa wavilete, naye alivinoa navyo. Nyumbani kwake walijua kwamba ukiwa na la kuomba, ungoje Alhamisi. Chiku mwenyewe aliomba ruhusa ya Mrutu kuleta posa siku ya Alhamisi, kati ya kisu cha tatu na cha nne, na mama yake akajibu "mwache alete" bila hata kuinua kichwa. Sasa ilikuwa Jumanne. Lakini jiwe halijui siku.

Bi Sikudhani alilitazama jiwe lenye maji. Alikitazama kisu. Akasema atakinoa, ndiyo, tena atakinoa mpaka watu wa Kivumbwe wakikipokea wakate vidole vyao, wajue kimetoka kwa nani. Akakaa.

Jiwe la kwanza lilikuwa la mtoni, lenye chembe, la kuanzia kazi ngumu. Alikilaza kisu, akainua mgongo wake kidogo tu, unene wa punje ya mahindi, akaanza kuvuta. Shwaa. Shwaa. Mivuto kumi ya kwanza alikuwa anamsaga Sengondo. Kumi iliyofuata alimsaga mshenga, na baada yake, kwa haki, Bi Mgeni na kicheko chake. Baada ya hapo watu wa kusaga walimwishia, akabaki na chuma na jiwe.

Shwaa. Anageuza. Shwaa. Maji yaligeuka meusi, akayafuta kwa kitambaa, akamwagia mengine. Kunoa hakutaki haraka. Ukiharakisha, mkono unapanda na kushuka, na makali yanakuwa ya mviringo, yasiyokata kitu. Kwa hiyo mkono wenyewe ulimtuliza. Bega lililokuwa limepanda mpaka sikioni likashuka. Pumzi ikaanza kufuata mvuto, kwenda na kurudi. Ua wote ulikuwa kimya, hata kuku, na Bwana Mbaruku aliyekuwa amesimama tangu asubuhi akatafuta mahali akakaa.

Ndipo vidole vya Bi Sikudhani vilipoanza kumwambia mambo ambayo macho yake hayakutaka kuyaona.

Kisu kilichochoka mnakijua. Tumbo lake limeingia ndani kama la mtu mwenye njaa, kwa sababu kinoo kimekila miaka na miaka. Hiki hakikuwa hivyo. Kilikuwa kimenona kutoka mpini hadi ncha. Tena kisu kilichowahi kunolewa hata mara moja huwa na mikwaruzo ya jiwe la mwenyewe, na fundi huisoma mikwaruzo hiyo kama unavyosoma mwandiko wa mtu. Hapa hapakuwa na mwandiko wa mtu yeyote. Weusi ule alioudhani uchafu ulikuwa moshi wa tanuri, na chini yake chuma kilianza kutoka cheupe, safi, kama jino la mtoto. Na kilikuwa chuma kizuri. Chuma kibovu humeguka kwenye jiwe, au hukataa, au hukubali upande mmoja na kukataa mwingine. Hiki kilikubali pole pole na sawasawa, kila mvuto kikitoa kidogo, kama unga uliokandwa na mtu mvumilivu.

Alisimamisha mkono. Akakiinua kisu kwenye mwanga, akakigeuza. Kisha akaendelea kunoa, lakini sasa alikuwa anafikiri.

Alipomaliza jiwe la mtoni alihamia la pili, jiwe jeusi laini alilorithi kwa mama yake. Alivuta mara chache tu, kwa wepesi, mpaka sauti ikabadilika, shwaa ikawa sss. Akakipangusa. Na bila kumtazama mtu, kwa sauti ambayo nyumba ile iliisikia Alhamisi tu, akauliza:

"Bwana Kidungwe, kisu hiki kabla yangu kilinolewa na nani?"

Mshenga aliweka bakuli chini. Alisubiri kidogo, kuhakikisha kwamba safari hii ataachiwa amalize.

"Hakikunolewa na mtu, mama."

"Kwa nini?"

"Kwetu hakinolewi. Mtoto wa mhunzi akioa, baba yake anafua kisu kwa ajili ya mama wa binti. Anakifua mwenyewe, hamwachii mtu hata kuvuta mivukuto. Na visu vyote anavyouza mwaka mzima vinatoka na makali, isipokuwa hicho kimoja."

"Mbona kimoja hicho kinanyimwa?"

"Hakinyimwi. Kinaachiwa." Mzee alijikohoza, akasema maneno aliyopewa kuyasema tangu alfajiri, ambayo yalitakiwa kutangulia kabla kisu hakijafunguliwa. "Nimeambiwa niseme hivi: chuma ni chetu, makali ni yako. Ukimpa mtu kisu kilichokwisha nolewa, umempangia namna ya kukata. Juu ya huyu binti, neno la kukata ni la mama yake, leo na baada ya arusi. Mwanangu akija kumtesa, njoo nacho Kivumbwe, nitajua umekuja kwa nini."

Bwana Mbaruku alitazama makuti ya paa kana kwamba amegundua panavuja. Bi Sikudhani alikaa na kisu mapajani, na uso wake, nasikia, ulikuwa wa mtu aliyeteleza ukingoni mwa kisima akashikwa nguo kwa nyuma.

"Ungesema," akasema hatimaye.

"Nilianza, mama."

"Alianza mara tatu," Chiku akasema kutoka mlangoni.

Bi Sikudhani akamtazama binti yake. Akayatazama mawe mawili na bakuli la maji, akaona ni nani aliyeyaleta. Kisha akacheka, kwanza puani, halafu kwa tumbo, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye maji ya jiwe, akabaki na mstari mweusi shavuni. Alipocheka yeye, wote wakapata ruhusa. Mshenga alicheka akashika kigoda. Chiku peke yake hakucheka. Aliteremka taratibu akakaa kizingitini, akavuta pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu jani la mgomba lilipofunguliwa.

Lakini Bi Mgeni hakuwa amemaliza. Na alilolisema halikuwa la kijinga, nisimwonee. Alisema haya, huko kwao ni hivyo, lakini hapa ni Masange. Kisu kimeingia nyumbani kwa njia ya kapu. Jioni kijiji kizima kitajua kwamba Sikudhani ametumiwa kisu akakipokea. Je, ataizungukia nyumba moja moja kueleza desturi za Kivumbwe? Kisu ni kisu.

Kama wifi yake angesema hayo saa moja kabla, ugomvi ungeanza upya. Sasa Bi Sikudhani alikisikiliza kila kitu mpaka mwisho, jambo ambalo wengine walikumbuka kuliko yote yaliyotokea siku ile. Akafikiri huku akikipapasa kisu kwenye kiganja, mbele na nyuma, kama anavyofanya fundi kuondoa nyuzi za mwisho za chuma. Kisha akainua kichwa.

"Wifi, ulikigusa wewe wa kwanza. Kilikuwa na makali?"

"Hakikuwa nayo."

"Kilikata kamba?"

"Si tuliona sote."

"Kisu ni makali, wifi. Kisicho na makali ni chuma chenye mpini. Wao wameniletea chuma, na chuma hakijakatazwa na mtu. Kisu nimekitengeneza mimi, hapa kwangu, kwa mawe yangu. Atakayeuliza nani kanipa kisu, mwambie Sikudhani kajipa mwenyewe."

Bi Mgeni alifikiri. Alitafuta pa kushika, hakupaona. Akasema kwamba hilo, kusema kweli, hata yeye angeweza kulieleza kisimani, na ilionekana alikuwa ana hamu ya kuanza.

Bi Sikudhani akainuka. Alilisogelea kapu, akagusa fundo lake kwa ncha ya kile kisu, wala hakukandamiza. Kamba ikaachia pande mbili kama iliyokuwa inasubiri. Akatoa tumbaku akampa mumewe, kanga akazitupia kizingitini kwa Chiku, asali na kahawa akaviingiza ndani mwenyewe. Alipotoka tena alikuwa amebeba mkeka.

Ulikuwa mkeka wa arusi wa Chiku. Masange mama aliusuka tangu siku ya maneno ya kwanza, lakini upande mmoja aliacha ncha za ukindu zikichomoza, hazijakatwa, zinaning'inia kama nywele zisizosukwa. Mkeka ungeweza kukaa hivyo mwaka, hata miaka. Siku mama anapozikata ncha hizo ndiyo siku anayokubali, na mkeka uliokwisha kukatwa haurudi kuwa wa kungojea. Huu ulikuwa umetundikwa ukutani mwezi mzima.

Bwana Mbaruku akauliza, kwa uangalifu, kama haingekuwa vizuri kungoja hata Jumamosi, ndugu wakusanyike.

"Umeniambia tangu asubuhi ningoje, nami nimengoja," akajibu. "Sasa kisu kina makali."

Akautandaza mkeka uani, akapiga magoti, akaanza. Ncha za ukindu zilianguka bila sauti, moja baada ya nyingine, ukingo ukabaki umenyooka kama uliopigwa rula. Alipofika karibu na mwisho, zimebaki ncha tatu, alisimama. Akakiweka kisu chini, mpini ukielekea mlangoni. Chiku alielewa. Akaja, akakiokota, akakata ncha tatu za mwisho mwenyewe, kisha akakirudisha chini.

Mkeka ukakunjwa, ukafungwa kwa ile ile kamba iliyokuwa ya kurudishia kapu, ukawekwa begani kwa mshenga. Aliambiwa aupeleke moja kwa moja kwa Sengondo, asipumzike njiani, na safari nyingine akiwa na maneno ya kusema ayaseme kabla hajapewa uji. Bwana Kidungwe akaaga. Jua lilikuwa halijafika utosini.

Walisimama wakimtazama akipanda njia ya mlimani mpaka mkeka ukawa kijiti. Ndipo Bwana Mbaruku, akiwa ameshajaza kiko ile tumbaku, akathubutu kumwambia mkewe kwamba asubuhi alimtisha, maana alisema ameshakata shauri.

"Nilitaka kulikata," Bi Sikudhani akasema, akirudi kukaa penye mawe yake, akinyoosha miguu, Jumanne ikiwa imekuwa Alhamisi. "Ulikiona kisu kilivyokuwa. Ningeliraruararua tu. Shauri halikatwi kwa kisu butu."

Akamwagia jiwe maji, akamwambia Bi Mgeni alete na kile chake.